Jumatatu Nyumbani kwa Kishindo

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za mgongo, na za ile cherehani inayogoma kila ukiwa na haraka? Mimi mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi kimeniacha. Kwa hiyo usianze kuniandikia habari za dawa, maana leo nina habari kubwa kuliko kikohozi.

Kaa kwanza. Kama una pini mdomoni, zitoe. Kishindo amekuja dukani kwetu.

Kishindo mwenyewe, wa roki, yule tuliyembandika ukutani juu ya kitanda changu mpaka mama akawa anaogopa kuingia kufagia. Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye meza yangu ya nyuma nabadilisha nyuzi za gitaa la mwalimu wa kwaya, nikasikia mwenye duka anaongea kwa unyenyekevu ambao hana. Nikainua kichwa. Mzee mrefu, kofia, koti la ngozi lililochakaa viwikoni, na lile gitaa jekundu. Niliangusha koleo nikashindwa kuliokota.

Alisema gitaa linapoteza sauti. Nililikagua, nikalikagua tena, sikuona ugonjwa. Akaniambia, "Basi lipige kidogo nisikie." Unajua nilipiga nini. Nilipiga kipande cha katikati cha wimbo wetu, kama nilivyojifunza kwenye ile kanda iliyotafunwa na redio, wewe ukaikata kwa mkasi na kuiunga kwa selotepu. Nilipofika pale ulipounga, Kishindo akacheka mpaka akashika meza. "Mbona umeniruka sekunde nne?" Nikamweleza habari ya mkasi wako. Akasema nikwambie umempunguza vizuri, maana hata yeye siku zote aliona pale pamerefuka.

Kabla ya kuondoka amenialika kwake Jumatatu, siku ambayo duka linafungwa, tupige pamoja. Mimi, na kipara hiki. Tangu siku hiyo natembea barabarani nikicheka peke yangu, na watu wananipisha.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, cherehani imetulia baada ya kutukanwa. Nimefurahi kwamba umefurahi. Sasa nisikilize.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Mtu ana gitaa zima, analipeleka kwa fundi. Fundi anasema halina ugonjwa. Mwenye gitaa habishi wala hakasiriki, anamwambia fundi alipige yeye. Mimi nikiletewa suruali isiyo na tatizo, najua huyo mteja hakuja kwa ajili ya suruali.

Na je, yeye alipiga? Umenijazia karatasi kwa kofia, koti na viwiko, lakini sijaona mahali Kishindo amegusa uzi. Kama angepiga mbele yako, hiyo habari ya viwiko ungeikumbuka wapi?

Siyo kwamba simpendi. Ile picha ya ukutani niliileta mimi. Lakini mtu kama yule ana marafiki wa kumwaga. Akija mpaka meza ya nyuma kutafuta mwingine, kuna jambo. Baba alipotuacha nilikuwa na miaka kumi na saba, wewe saba, na tangu hapo kazi yangu ni kumtazama kila anayekusogelea. Yule mwenye bendi aliyekubebesha spika mwaka mzima akikwambia wiki ijayo utapiga, nani alimnusa kwanza?

Nenda, wewe ni mtu mzima. Lakini fungua macho, na uniandikie yote, siyo yale matamu tu.

Dada yako


2 Machi

Kwa Mpelelezi Mkuu,

Shikamoo dada. Natumaini afya yako ni njema na kwamba hujamkamata mtu wiki hii. Mimi mzima kuliko mwaka mzima uliopita.

Jumatatu tatu nimekwenda. Ana chumba kirefu, kuta zimefunikwa mazulia ili sauti isitoke, viti viwili vinatazamana, na birika. Ananiita Fundi. Nilifika siku ya kwanza nikiwa nimekaza mwili mzima, akaniambia nivue viatu, halafu akavua vyake, na soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Hapo woga ukaniisha.

Stori zake, dada, ungecheka mpaka mgongo ukupone. Anasema mwaka fulani suruali ilimpasuka nyuma kabla ya wimbo wa kwanza. Akapiga saa mbili nzima bila kuwageuzia watu mgongo, akitoka jukwaani kinyumenyume. Mwezi uliofuata bendi zote za mjini zikawa zinatoka jukwaani kinyumenyume, zikidhani ndiyo mtindo mpya. Mtu mmoja alianguka kwenye ngoma.

Na ananifundisha. Nikiharakisha ananiambia, "Usimkatize huyo uzi, muache amalize kusema." Zile sekunde nne amenipa. Baada ya miaka zaidi ya thelathini nimeujua wimbo mzima, nikatoka pale nikapitiliza kituo cha basi bila kujua.

Najua utauliza, basi nakujibu: hajapiga bado. Anaimba, anapiga mguu chini, ananionyesha kwa maneno. Anasema amechoka kujisikia, anataka kusikia. Mtu aliyepika miaka arobaini akitaka kupikiwa, kosa liko wapi? Naingia kwa mlango wa pembeni kwa sababu ule wa mbele una watu wa kupiga picha, na ameniomba nisiseme dukani. Wewe nakwambia kwa sababu wewe siyo watu.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi siyo watu, ahsante sana. Mzima, nina mashati hamsini ya shule ya kumaliza, kwa hiyo naandika kwa kifupi.

Mlango wa pembeni. Usimwambie mtu. Na hapigi. Ukiziweka hizo tatu pamoja, wewe moyo wako umetulia tu?

Nifanyie jambo moja. Jumatatu ijayo utazame mkono wake wa kulia. Siku ile dukani alikupa mkono au alikugonga bega? Anashikaje kikombe? Mimi napima mikono ya watu kila siku iendayo kwa Mungu, na mtu anayechelewa kutoa mkono mfukoni huwa simsahau. Halafu niandikie ulichokiona, usiniandikie soksi.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, sikuwa mgonjwa, nilikuwa nafanya mazoezi. Sasa siyo Jumatatu tu, ni kila jioni nikitoka kazini.

Jumamosi hii alasiri Kishindo anapiga kwa mara ya mwisho. Anaaga. Tiketi za uwanja mzima zimekwisha na redio itarusha kuanzia saa kumi. Mimi nitakuwa nyuma ya jukwaa, namwangalizia magitaa.

Kuhusu mkono, tafadhali usiniulize tena. Siyo kwamba sijautazama. Fungua tu redio.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Nilifungua redio. Nilizima cherehani, nikamwambia mteja akae kimya au atoke, akakaa. Kishindo akatajwa, watu wakapiga kelele mpaka spika ikakwaruza. Akaimba vizuri, sikatai. Gitaa likalia vizuri zaidi. Mteja wangu akasema, mzee huyu hajazeeka. Kisha ukafika wimbo wetu, kipande cha katikati, na zile sekunde nne hazikuwepo.

Nilisimama na futi shingoni kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Ule ni mkasi wangu. Duniani hakuna mtu anayeruka pale ila wewe, kwa sababu duniani hakuna kanda nyingine niliyoikata mimi. Alikufundisha zile sekunde nne, lakini mbele ya uwanja vidole vikarudi nyumbani.

Sasa niambie walikuweka wapi. Nyuma ya pazia? Chini ya jukwaa? Na niambie watu wangapi walimpigia yeye makofi kwa kazi ya mkono wako. Mimi nilikushika huo mkono kukuvusha barabara. Niliuza cherehani ya kwanza ili upate gitaa. Halafu anatokea mzee na koti lake anauvaa mkono wako mbele ya nchi nzima.

Huyo hakuja dukani kutafuta rafiki. Alikuja kutafuta mkono, bahati mbaya akakuta mkono wenyewe una mtu.

Dada yako


8 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na wewe punguza hasira, zinakushika mgongo.

Ni kweli. Walitundika kitambaa cheusi nyuma ya spika, mimi nikakaa kwenye kigoda. Kwenye upenyo niliona visigino vyake tu. Mkono wake wa kulia unatetemeka, ni mwaka wa pili sasa, na daktari amemwambia hautaacha. Gitaa lake lilikuwa limezimwa. Alitaka kuwaaga watu akiwa amesimama, ndiyo hivyo tu.

Aliniambia ukweli huo mwezi wa tatu, baada ya mimi kumwagikiwa chai yake. Hakunilazimisha. Alisema nikikataa tutaendelea na Jumatatu zetu kama kawaida. Ulitaka nikatae? Dada, mimi nimepiga na Kishindo. Nilipoharakisha alivuta pumzi ili nimsubiri, nilipochelewa aliurefusha mstari ili nimfikie. Niliporuka zile sekunde niliona visigino vinatikisika, nikajua anacheka. Alinifuata palepale, kama aliyezaliwa nyumbani kwetu. Makofi yalikuwa yake, sawa. Ile furaha nilikuwa nayo mimi.

Anasema siku moja atanitaja mbele za watu. Sijamwuliza siku gani.

Nakuomba kitu kimoja, na huwa sikuombi mengi. Usimwambie mtu yeyote. Yule mzee hakuniomba chochote zaidi ya kwamba watu wasiuone mkono wake.

Mdogo wako


9 Juni

Dada,

Gazeti la jana limeandika yote. Kitambaa, kigoda, hata mkasi na selotepu. Habari ya mkasi tunaijua watu watatu, na yeye hawezi kujisema mwenyewe.

Waandishi walimsubiri getini asubuhi. Wakamwuliza kama ni kweli. Aliutoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele yao ukitetemeka, wakaupiga picha. Picha hiyo ipo ukurasa wa kwanza wa gazeti la leo, imebandikwa hata kwenye kibanda kinachotazamana na duka letu.

Amenifungia geti, Jumatatu zimekwisha. Usiniandikie kwa sasa.

Mdogo wako


16 Juni

Mdogo wangu,

Umesema nisiandike. Naandika.

Ni mimi. Nina mteja anayefanya kazi kwenye gazeti. Alikuja kupunguziwa suruali, nami nimepiga magoti namwekea pini kwenye pindo, yeye huko juu anasifu mkono wa Kishindo. Mkono wa ajabu, mkono wa dhahabu, hajawahi kusikia mkono kama ule. Nilikuwa na pini mdomoni, ningeweza kunyamaza. Nilizichomeka zote kwanza, moja moja, halafu nikasema. Sitakudanganya kwamba nilisahau anafanya kazi wapi. Nilitaka ijulikane ni wewe.

Nisamehe. Sijala vizuri tangu nilipoiona ile picha.

Lakini kuna kitu kinanikera na lazima nikitoe. Kosa ni langu, mbona umefukuzwa wewe? Rafiki angekuita akakuuliza. Huyu amefunga geti siku ileile. Shoo imekwisha, mkono hauna kazi tena, amepata sababu ya kuutupa. Nilikosea kusema, ila kuhusu yeye sijaona nilipokosea.

Dada yako


22 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hujanijibu miezi mitatu, barua ya tatu hii. Najua unakwenda kazini kwa sababu nilimpigia simu mwenye duka, akasema upo, ila huimbi tena ukifanya kazi.

Alhamisi nilifunga duka nikapanda basi la asubuhi. Nilikwenda kwa Kishindo. Sikwenda kuomba radhi, nikuambie ukweli. Nilikwenda kumtazama machoni mtu aliyekutumia akakutupa, nimwambie maneno niliyokuwa nayapanga njia nzima. Nilikuwa nayo mengi, na mengine yasingefaa kuandikwa.

Alifungua geti mwenyewe. Amepungua mwili kuliko nilivyodhani, kwenye ile picha ya ukutani alikuwa amejaa. Nikasema mimi ni dada yake Fundi. Akanitazama kidogo, akasema, "Wa mkasi," akanipisha niingie. Akanitengea kiti, akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Mimi sikuigusa.

Nikamwuliza, kwa nini umemfukuza mdogo wangu? Akasema hakukufukuza. Akasema asubuhi ile ya gazeti, kabla ya waandishi kufika, ulikuja kwa miguu, umelowa jasho. Ulisimama mlangoni, hukukaa. Ukamwambia ni wewe. Umechoka kukaa nyuma ya kitambaa, ulitaka kujulikana, kwa hiyo ulikwenda mwenyewe gazetini ukasema yote. Ndipo alipokwambia usirudi tena.

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipoelewa ulichofanya. Yeye anaendelea kuongea, anasema hata hakukulaumu sana, kila mpiga gitaa anataka kujulikana, yeye mwenyewe angefanya hivyo. Alisema kilichomuuma ni kwamba hukumwambia kwanza. Nami nimekaa pale na maneno yangu yote ya njiani, sina pa kuyaweka.

Nikamwambia. Nilimwambia ni mimi, nikamweleza suruali, pini, kila kitu. Nikamwambia wewe hukusema hata neno moja, ulinisihi ninyamaze na sikunyamaza. Akaisogeza pembeni chai yangu iliyopoa. Kisha akaniuliza kwa nini. Nikasema nilidhani anakuibia. Akautazama mkono wake, akasema, "Nilikuwa namwibia kidogo. Nilimwambia nitamtaja siku moja. Hiyo siku sikuwahi kuitafuta."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi nusu, na hiyo nusu haijanisaidia kitu.

Kwenye basi la kurudi nililia mpaka mama mmoja akanipa leso. Umeniacha nikuandikie kwamba huyu si rafiki, rafiki angekuuliza, na wewe unaisoma huku unajua kwa nini geti limefungwa. Ulikubali kumpoteza mtu uliyempenda tangu utotoni ili asinichukie mimi. Na mimi nilikuwa nakulinda na nani? Nilikuwa na wivu, sasa nasema. Miaka yote ukifurahi ulikuwa unanijia mimi kwanza, halafu akatokea mwingine.

Amesema uende Jumatatu. Nilimwuliza kama amekusamehe, akasema hana cha kukusamehe, na kuhusu mimi bado anafikiria. Ana haki ya kufikiria. Wewe nenda.

Dada yako


7 Oktoba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo vipi baada ya basi lile? Mimi mzima, na naimba tena kazini, mwenye duka ameanza kulalamika.

Nilikwenda. Alikuwa amekwisha kuvua viatu. Hakusema habari ya gazeti, alinipa tu gitaa jekundu na kuvuta kiti chake mpaka goti lake likagusa langu. Sasa tunapiga gitaa moja wawili. Yeye anabana nyuzi kwa mkono wake wa kushoto, ule ni mzima kabisa, na mimi nazipiga kwa wangu wa kulia. Tunagombana mno. Anasema nachelewa, nasema yeye ndiye anawahi, na wimbo mmoja unatuchukua saa nzima. Sauti yenyewe si nzuri bado. Sijawahi kupiga na Kishindo hivi.

Tulipopumzika akaniuliza swali moja. Kwa nini nilijitwisha mimi, wakati ningesema tu ni dada na urafiki wetu ungebaki. Nikamwambia nilipiga hesabu fupi pale mlangoni kwake. Nikimpoteza yeye nitalia, nitarudi nyumbani, nitachukua kalamu nikuandikie wewe, hata kama nakuandikia kwa hasira. Nikikutaja wewe nikakupoteza, nitamwandikia nani?

Mdogo wako